Mchwa wa Darini

Kwa muda mrefu mzee alikuwa akibandika sikio ukutani na kusema kuna kitu kinakula nyumba. Mkewe aliligeuza utani. "Kama wanaishi humo, waambie walipe kodi," alimwambia, wakacheka wote wawili. Baadaye kicheko kikaisha. Mzee alianza kupotea njia akitoka msalani, akamwita binti yake kwa jina la marehemu dada yake, na daktari akasema akili zinamtoka taratibu. Basi ile sauti ya ukutani nayo ikatiwa kwenye kapu lilelile la ugonjwa.

Mchana mmoja dari la sebuleni likaporomoka na kulalia makochi. Mbao za kenchi zilizobeba paa zilikuwa zimebaki maganda matupu, na mchwa walitembea juu yake bila haraka, kama wenye nyumba. Mzee alisimama mlangoni, vumbi kichwani, akapiga makofi kwa furaha.

"Si niliwaambia?"

"Ulituambia, baba watoto," alijibu mkewe kwa aibu, akamfuta uso kwa kanga.

Kesho yake alikuja mkaguzi wa bima, dada mpole aliyeruka vifusi kwa uangalifu.

"Mama, nikwambie ukweli. Bima yenu hailipii mchwa. Inalipa tu dari likianguka kwa wadudu waliojificha, ambao hakuna mtu humu ndani aliyewajua. Kuna aliyeona au kusikia chochote?"

"Mimi!" mzee alidakia. "Kila siku nilikuwa nawasikia. Muulize huyu!"

Uso wake ulichangamka, akarudi kuwa yule mwanamume wa zamani aliyejua analolisema. Mkewe alitazama mabati yaliyobonyea juu yao, yakingoja mvua ya kwanza. Hawakuwa na pa kwenda. Moyo ulimuuma, lakini mdomo ulishafunguka.

"Usimsikilize, mwanangu. Ni mgonjwa. Anasikia vitu visivyokuwepo."

Mkaguzi akamtazama mzee kwa huruma, akaandika.

Mzee alimwangalia mkewe bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililomchoma zaidi mama wa watu. Kisha akautafuta mkono wake.

"Kwa hiyo sikusikia?"

"Hukusikia, baba watoto."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, akamgeukia mgeni.

"Unisamehe, binti yangu. Kichwa changu siku hizi kinanidanganya."