Mgomba Uliozikwa Kiringye

Katika vita vya kwanza vya huku kwetu, divisheni ya jeshi la serikali iliyoapa kufia mji wa Kamanyola haikufia huko. Ilitimua mbio bonde zima la Ruzizi kuelekea Uvira, kuku wa watu mkononi. Askari wake mmoja, Rénovat, alikimbia kuliko wote, akafika kwao Kiringye bila bunduki. Mkewe, Concilie, akamficha ndani ya kihenge cha mahindi nyuma ya nyumba. Kisha akanyoa kichwa, akatangaza msiba, na kwa kuwa mwili haukuwapo, wakazika kipande cha mgomba kama desturi inavyotaka. Majirani walilia kwa moyo mweupe, masikini.

Kabla matanga hayajaanuliwa akaja kapiteni wa jeshi hilohilo na askari wake, wakisaka watoro. Mtu mkali, na kwa hili simlaumu: bonde lote lilijaa vilio, maiti hakuna. Watoro walikuwa wanapigwa risasi mbele ya wake zao. Akauliza nani alimwona Rénovat akifa. Watu wakatazama chini. Akaamuru nyumba ipekuliwe, waanzie nyuma.

Hapo akajitokeza askari mmoja anayechechemea, na Concilie akamtambua. Alikuwa Maneno, Mwislamu wa mtaa wa Kimanga kule Uvira. Yeye na Rénovat walikuwa chanda na pete. Huyo ndiye ambaye Rénovat alimwacha kwenye shamba la mtama, mguu unavuja damu, akimwita kwa jina. Rénovat mwenyewe alimsimulia mkewe. Sasa mwenye kisasi alikuwa amejileta mpaka uani.

"Kapiteni, minye nilimuona," Maneno akasema. "Alikufa karibu yangu. Nilimufumba macho na mikono hii."

Kapiteni akavua kofia, akatoa pole, akaondoka na watu wake. Maneno akabaki nyuma kumpa Concilie mkono wa pole, naye Concilie akaanza kumshukuru kwa sauti ya chini. Maneno hakutaka shukrani.

"Shemeji, umuambie asinitafute tena, hata vita ikiisha. Minye nimemuzika."

Jioni Concilie alimpelekea mumewe ugali na ujumbe huo, bila kuupunguza. Rénovat hakugusa chakula. Alijikunja humo kihengeni, akajifunika uso, na ndipo matanga yale yalipopata mfiwa. Alilia kwa kwikwi mpaka mkewe akamziba mdomo kwa kiganja, majirani wasije wakasikia.