Gauni la Bi Shekha

Fundi Faki wa Shella, Malindi, hakuhitaji utepe kumshonea mkewe. Vipimo vya Bi Shekha alikuwa navyo kichwani tangu walipooana. Ndiyo maana alipomjaribisha gauni la harusi ya binti yao Kaltuma, pindo likaburura sakafuni, aliona haya.

"Uzee huo, bwana," mkewe akamwambia. "Siku hizi wakata kwa kukisia."

Faki akacheka, akapiga magoti kulipandisha. Kisha moyo ukamtuma kabatini, akatoa gauni la Idi ya mwaka juzi, akamvalisha. Nalo likaburura. Kicheko kikamkauka.

Mwaka wa tatu huo Bi Shekha alikuwa akimeza vidonge vikali vya pumu. Vilimrudishia pumzi, vikamjaza mashavu, na majirani hawakuchoka kumsifu: kanawiri, mashallah, mumewe amlisha nini? Daktari alimpa na vidonge vya mifupa, kwa kuwa vile vya pumu huila mifupa polepole. Akamhimiza na maziwa, na kutembea, na jua. Vya pumu hakuvikosa, maana akiviruka kifua kilimbana. Vya mifupa aliviruka na hakuona kitu. Mtu mnene hivi, alisema, mifupa dhaifu kaitoa wapi? Mgongo ukimuuma, alilaumu godoro.

"Nguo hazikurefuka," Faki akasema taratibu. "Wewe ndiye umepungua."

Bi Shekha akalitazama pindo sakafuni. "Basi vidonge naviacha vyote. Hata vya pumu."

"Umuoze mwanao huku wahema?"

Kesho yake wakaenda hospitali. Baada ya kupiga picha ya mgongo, daktari akawaambia pingili mbili zimebonyea na urefu ule haurudi tena. Zilizobaki ndizo za kulindwa. Vya pumu asithubutu kuviacha ghafla, ni hatari.

Walipofika nyumbani Faki aliitoa chupa ya vidonge vya mifupa, imejaa hadi shingoni, akaiweka mbele ya mkewe pamoja na gilasi ya maziwa.

"Ubavuni nakuongezea, miguuni nakupunguzia. Kazi hiyo naiweza," akasema. "Lakini nikizidi kupandisha, mke wangu, mwisho nitakushonea blauzi."

Bi Shekha hakutaka kucheka, akacheka. Akakitafuna kidonge, akakunja uso, akasema ni kama kulamba ukuta. Alipokwisha kumeza akauliza ni nani atakayezunguka juani peke yake, watu wamwone kapotelewa na mbuzi.

"Tutapotelewa naye sote," Faki akajibu.

Asubuhi wakatoka. Faki akamfungulia mwavuli kwa heshima zote. Bi Shekha akaupokea, akaukunja, akamrudishia.

"Daktari hakuniambia nitembee na kivuli," akasema, akatangulia mbele, polepole, mkono kiunoni.