Chupa Kwenye Upondo

Zamda alikwisha kuapa kwamba siku mumewe atakapogusa nguruwe, atalala nje. Lakini Bwana Shamba, Mwingereza wa Mohoro, alimkabidhi Kibwana, mumewe huyo, vitoto vitatu vya nguruwe, dhaifu, vilivyokataliwa na mama yao. Kibwana akafunga chupa ya maziwa kwenye ncha ya upondo, mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akavinyonyesha kwa mbali, kwa heshima zote.

Vikanenepa, vikaupenda upondo kuliko mama. Jioni moja Kibwana alipokwenda na upondo nyumbani, vikamfuata hadi mlangoni.

“Baba Johari, hawa nani?”

“Mbuzi wa Kizungu, mke wangu.”

“Mbona hawalii mee?”

“Wanasema Kiingereza.”

Zamda akamtupia mkeka nje. Vitoto vikawahi kuulalia, na Kibwana, asiyegusa nguruwe, akakesha wima na upondo wake.