Kiti cha Laney kwenye Meza ya Wafadhili

…na akija sasa hivi, Rhonda anawaza, akiingia kwa ule mlango wa nyuma wakati mkuu wa chuo bado anaongea, hata kama hajachana nywele, hata kama viatu vina matope, atakaa hapa kwenye kiti hiki na hakuna atakayekumbuka kwamba alichelewa, watu husahau upesi wakiwa na kuku mbele yao, ila kuku wameshaliwa, sahani ya binti yake Laney tu ndiyo iliyobaki nzima, kipande cha kidari juu ya maharage mabichi na mchuzi umeanza kufanya utando, na Rhonda, ambaye amewapikia watoto wa shule ya msingi miaka kumi na saba, anajua mchuzi mpaka ufanye utando umekaa muda gani, dakika ishirini na tano, dakika ishirini na tano na simu iliyolala mapajani chini ya kitambaa haijatikisika hata mara moja… "Kila zawadi inayotolewa katika ukumbi huu ina sura," mkuu wa chuo anasema kule mbele, "na leo mnaziona sura hizo, mmekaa nazo," watu wanapiga makofi, na Rhonda naye anapiga, mikono tu, macho yake yako kwenye kadi iliyosimamishwa mbele ya kile kiti, Delaney Stiltner, ndiye Laney huyo, Ufadhili wa Kumbukumbu ya Garrett Hensley, majina mawili kwa wino wa dhahabu kwenye kadi moja kama kadi ya arusi, mmoja amekufa miaka ishirini na sita iliyopita na mwingine Mungu ndiye ajuaye yuko wapi. "Bado yuko maabara?" anauliza Bi. Ardith Hensley, mama wa huyo Garrett, ana miaka themanini na moja na ameendesha gari mwenyewe kutoka kwao milimani, mwendo wa saa mbili na nusu, ili aje akae karibu na msichana anayesoma kwa jina la mwanawe. "Bado, Bi. Ardith. Hawa walimu wa kemia wanajua kuwabana." Sasa kemia ya nini, katika maneno yote ya dunia mdomo wake umeenda kuchukua lile lile, kemia, angesema mafua, angesema gari limegoma, gari lile hugoma kila wiki na isingekuwa hata uongo… "Kemia," anasema Bi. Ardith, anatabasamu, na mkono wake unaingia kwenye mkoba, usitoe, Rhonda anaomba, usitoe, anatoa, ni ile barua, imekunjwa na kukunjuliwa hadi mikunjo imekuwa laini kama nguo. "Sikiliza hii, Daktari," anamwambia yule mzee wa ng'ambo ya meza, daktari wa meno mstaafu ambaye naye anafadhili mtu, mvulana wake yuko hapa pembeni, amekaa wima, tai inamkaba, "sikiliza mtoto anavyoandika. Tangu nikiwa mdogo nilipenda kuchanganya siki na magadi kwenye sinki la mama yangu nione povu linavyopanda." "Siku hizi hakuna vijana hao," anasema daktari. "Wajukuu zangu wakiniandikia kitu zaidi ya 'poa, babu,' mimi nafungua chupa." Wanacheka, Rhonda anacheka nao huku akitazama sahani, maana siki na magadi ni yeye, sinki ni la mama yake yeye, na hizo herufi za mviringo kama za msichana, vidole vyake ndivyo alivyovitia adabu usiku mzima mezani jikoni zitoke hivyo. Kila mwaka majani yakianza kupukutika ofisi ya wafadhili huwapelekea wanafunzi karatasi ya maelekezo, andika kwa mkono, usitaje kiasi, eleza jambo moja unalopenda na ndoto moja uliyonayo, na ufadhili hautoki mpaka barua ya shukrani ifike, na Laney aliiacha ile karatasi juu ya friji wiki tatu. "Nimwandikie nini mtu nisiyemjua, mama? Asante mwanao alikufa?" Rhonda alipiga meza kwa kiganja. Bi. Pamela wa ofisini akapiga simu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu sauti ikiwa haina tena sukari, na mtu mwenye bili ya bweni mkononi hasubiri msichana apate moyo wa kuandika, anachukua kalamu, ndicho alichofanya, angefanya nani, alichukua kalamu kama ambavyo angechukua ufagio. Na barua ikajibiwa. Mama wa watu akajibu kurasa mbili na kutuma soksi alizofuma mwenyewe, basi ikabidi aandikiwe tena, na tena, barua nne kwa miaka miwili, na sasa yuko hapa ameleta mkoba wenye barua na anatazama mlango… "Mama Stiltner," ni Bi. Pamela, ameinama sikioni, ananukia marashi na haraka, "wamebaki watano kabla ya binti. Yuko njiani?" "Yuko njiani." "Maana akikosa, ni wewe utasimama na Bi. Ardith mpige picha, useme maneno mawili tu. Watu wanapenda kumsikia mama." "Atakuja." "Mawili tu, mama, usiogope," na ameshaenda meza nyingine, na Rhonda anaogopa, anaogopa kama mtu aliyesikia chuma kikikwaruzana chini ya gari kwenye mteremko, atasema nini, asanteni kwa kumsomesha mwanangu kemia, na ile barua nyingine iko nyumbani kwenye droo chini ya vitambaa vya vyombo, ile ya Jumanne, yenye nembo ya chuo na jina la Laney juu, ambayo hakuwa na haki ya kuifungua na aliifungua kwa mvuke wa birika, kemia amefeli mara ya pili, wastani wa alama umeshuka chini ya sharti la mfadhili, mwisho wa muhula ufadhili utasitishwa. Sharti la mfadhili. Mfadhili anapaka siagi kwenye skonzi hapa kiwiko kwa kiwiko… akijua atasema nini, atasema nimetoa jina la mwanangu kwa watu waongo, na atakuwa amesema kweli, na Laney atarudi nyumbani kusimama pale dukani kwenye kituo cha mafuta kama binamu zake wote, na watu wa kanisani waliomshonea lile blanketi la viraka lenye jina la chuo watasema tulijua, hawatasema, watanyamaza, ndiyo mbaya zaidi. Makofi tena. Msichana wa uuguzi amesimama na mzee wa kiti cha magurudumu, wamebaki wanne. Chini ya kitambaa kidole gumba kinawasha simu, Uko wapi, imekwenda saa tano na nusu, Ukumbi ni ule wenye nguzo, saa sita kasoro, Watu wamekaa wanakungoja, Usinitie aibu mbele ya watu hawa Laney, saa sita na dakika kumi, zote zimekwenda na hakuna iliyojibiwa, jibu lake la mwisho ni la jana, neno moja, sawa, na sawa ile ilikuwa sawa gani… "Kuku huyu," daktari anasema, "nadhani amepikwa na wanafunzi wa uhandisi," yule mvulana wa tai anacheka hadi anakohoa, masikini, atacheka chochote leo. Jumapili Laney alikuja nyumbani bila kusema anakuja. Alikula nafaka za pakiti, zile za kulia na maziwa, bila maziwa, amesimama, mgongo kwenye sinki, akasema, "Mama, kuna kitu…" na Rhonda akamkata, "Kama ni gari nimeshamwambia mjomba wako aje alitazame," na mtoto akasema, "Siyo gari," na Rhonda akafungua bomba la maji. Lakini Jumapili alikuwa hajui kitu, barua ilikuja Jumanne… hapana, alijua, si kwa barua, alijua kama unavyojua maziwa yameharibika kabla hujanusa, na alifungua bomba kwa makusudi, maana kisichosemwa bado hakijaingia ndani ya nyumba, akaosha kikombe kilichokuwa safi, akakiosha tena, na alipofunga maji mtoto alikuwa ameshachukua funguo. "Wa kwangu naye alisoma kemia," anasema Bi. Ardith. "Ndiyo, Bi. Ardith. Nimesoma kwenye kijitabu." "Kijitabu," anasema bibi, na anaikunja ile barua pole pole kwa mikunjo yake ile ile, "wameandika gari lake liliteleza kwenye theluji akirudi chuoni. Ni kweli. Hawakuandika alikuwa anarudi kutoka wapi." Mkuu wa chuo anataja maktaba mpya, anataja chumba cha chakula cha bure kwa wanafunzi wasio na kitu, "kwa sababu ya ukarimu wenu hakuna anayelala na njaa," na Rhonda analazimika kuinamisha kichwa ili asikie. "Alikuja nyumbani. Saa ngapi, hatujui, hatukusikia. Asubuhi mume wangu, Vernon, alitoka kuchukua gazeti. Theluji ilikuwa safi, hata sungura hajapita, ila kuna alama za magurudumu, zimeingia mpaka mbele ya baraza, zikageuka. Na nyayo, mwanangu. Hatua nne kuja ngazini, hatua nne kurudi. Vernon akaniita njoo uone, kuna mtu alipotea njia usiku. Tukacheka. Simu ya polisi ilikuja tukiwa tunakunywa kahawa." "Oh, Bi. Ardith." "Bwenini kwake tulikuta barua ya chuo. Alifeli." Anasema alifeli kama mtu anayetaja jina la mtaa. "Vernon ndiye aliyeweka sharti la alama tulipoanzisha huu ufadhili. Aliona ni heshima, jina la mtoto liende kwa wanaofaulu. Mimi sikusema kitu, kwetu mke hakuwa anabishana mbele ya wanasheria. Lakini hesabu nimeifanya siku nyingi. Kwa sharti lile, ufadhili wa Garrett, Garrett mwenyewe asingeupata." Wamebaki watatu. Mtu wa picha anaomba wasogee karibu, karibu zaidi, tabasamu. "Na barua," anasema Bi. Ardith bila kugeuza uso, "nimezifurahia barua zako, Rhonda. Msichana wa miaka ishirini hamwambii bibi wa watu asikae na soksi mbichi." Na Rhonda anangoja kile alichokiogopa miaka miwili kianguke, kelele, kiti kusukumwa nyuma, mkoba kufungwa kwa kishindo, na hakianguki, bibi anamalizia skonzi yake, na mahali pale palipokuwa na hofu panaachwa wazi kwa pumzi moja tu, moja, halafu kinaingia kingine kikubwa zaidi, kinaingia bila kubisha, kwa sababu Jumapili… Jumapili kabla Laney hajaingia gari lilikaa uani. Aliliona kutoka dirishani, alikuwa anamenya viazi. Gari limesimama, injini inanguruma, mtoto ndani mikono kwenye usukani, na Rhonda alimenya kiazi kizima, akamenya cha pili, na alichowaza ni kwamba anachoma mafuta, mtoto huyu anachoma mafuta bure. Hiyo ndiyo iliyokuwa ngazi. Mtoto alipanda, aliingia mpaka jikoni, alifika mbali kuliko yule mwingine, akafungua mdomo, akafunguliwa bomba… na leo ni Alhamisi, na njia ya kutoka bwenini mpaka ukumbi huu ni dakika sita kwa miguu, wanaoifanya kuwa saa nzima hawako maabara, hawajachelewa, na daraja lile la mtoni yeye Rhonda alilipita asubuhi akija akasema daraja zuri, usiende huko, kichwa, usiende huko, geukia upande huu… amelala tu, ameficha uso kwenye mto, anaona ujumbe ukiingia, Usinitie aibu, anausoma, anaugeuzia uso chini, ni mimi niliyeandika, vidole hivi. Wamebaki wawili. Angeweza kusimama, sasa anaweza, maneno mawili hayamtishi tena, angesimama na bibi huyu wapigwe picha na chuo kikaituma kwa watu wakaona sura, lakini mikono yake imeshatoa simu chini ya kitambaa na kuiweka mezani katikati ya sahani za pai, mbele ya kila mtu, inang'aa. "Nifanye nini?" anauliza, na hajui kama amemuuliza bibi au nani. "Usimwandikie," anasema Bi. Ardith. "Mpigie." "Hapa?" "Hapa. Wametulisha bure, watatuvumilia." Kidole kinabonyeza. Kule pembeni Bi. Pamela ametoa macho, anatikisa kichwa, anaweka kidole midomoni, daktari ameacha kutafuna, kule mbele mkuu wa chuo anasema mustakabali, anasema vijana wetu, na Rhonda anaziba sikio moja kwa kiganja na kubana simu kwenye lingine, inaita, atasema nini, hatauliza uko wapi, hatataja kemia, hatataja watu hawa wala jina la mtu yeyote, atasema nimefunga maji, Laney, nakusikiliza, sema ulichokuja kusema, inaita mara ya tatu, na kwenye kipaza sauti wanaanza kusoma jina la mtu wa mwisho kabla ya jina lake, mara ya nne, pokea, hata kama ni kunitukana, pokea, mara ya tano…