Mikono ya Darasa la Tatu

Jumanne asubuhi Mwalimu Debora alichora mistari miwili kwenye mchanga nyuma ya darasa la tatu, akaweka katikati chupa tupu ya maji na sahani ya mahindi. Shule ilikuwa nje kidogo ya Kiranjeranje, na mchezo ulikuwa rede ileile inayochezwa na wasichana kila siku: wawili wanarusha mpira wa soksi, mmoja yuko katikati, anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Debora alibadili kitu kimoja tu. Badala ya mchanga, wa katikati ajaze punje nzuri, na zenye ukungu azitupe nje ya mstari. Sheria waliikariri wote: ukiona chakula kibaya, usile, nyoosha mkono, mwambie mkubwa.

Watoto waliupenda mno, hata wavulana, ambao siku zote husema rede ni ya kike, wakapanga foleni. Hodari wao alikuwa Nasma, mtoto wa miaka tisa, mjukuu wa Bi Mwahija anayepika uji wa shule. Nasma alikuwa na macho ya njano na tumbo lililoanza kujaa. Zahanati walishasema ni ini, na kwamba asile tena mahindi yenye sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu. Kwao walikula mara moja kwa siku, muhogo wa jioni. Kingine alichokitia tumboni kilikuwa uji wa shule.

Wiki ya tatu mikono ya watoto ilianza kugeuka kijani. Mtoto akishika punje yenye sumukuvu, au kikombe cha uji wa mahindi hayo, kijani kilipanda kutoka kwenye vidole. Akiachia, kilishuka taratibu. Ilikuwa hivyo kwa kila aliyecheza, na Debora naye, kwa kuwa aliwaonyesha kwa vitendo. Aliosha kwa sabuni ya mche, akaona bado, akaendelea kusahihisha madaftari.

Saa nne uji ulipogawiwa, darasa zima liligeuka kijani mpaka vifundo vya mikono. Nasma kilimfika viwikoni. Wote wakanyoosha mikono, kama walivyofundishwa, na Debora akaenda ofisini.

"Mwalimu mkuu, mahindi ya stoo yana sumu. Watoto wameonyesha."

Mwalimu Cletus alichungulia dirishani. "Nimewaona. Lakini yamekobolewa, yameoshwa maji matatu, yameanikwa upya. Hata harufu hayana."

"Sumu haitoki kwa kuosha, mwalimu. Wala kwa kupika."

"Haya, tumwage. Kesho wanywe nini?"

Mahindi yenyewe yalitoka kwa wazazi. Kila nyumba huleta debe moja baada ya mavuno, na hakuna anayefungua debe la mwenzake kuchungulia, maana huko ni kumvunjia mtu heshima. Mwaka huo mvua iliyakuta mahindi yangali shambani.

Habari za mikono zilifika haraka Kilwa Masoko, kwa Ismaili, mnunuzi wa mahindi. Jumamosi alikuja na lori, akamwomba Bi Mwahija amwazime Nasma. Mtoto alipita nyumba kwa nyumba akitumbukiza mkono katika kila gunia. Mkono ukibaki na rangi yake, gunia lilipanda lorini. Ukigeuka kijani, gunia lilivutwa pembeni. Jioni Nasma alirudishwa kwao na soda mbili na pakiti ya biskuti.

Debora alifurahi, masikini. Hatimaye kila mtu alijua gunia lipi ni bovu, na kitu kikishajulikana, aliamini, watu watakiacha. Alimshika Nasma mashavu, akamwambia, "Sasa utapona."

Jumatatu wazazi waliokuwa bado hawajaleta madebe yao ya mchango waliyaleta. Yalitoka kwenye magunia yaliyobaki pembeni. Hawakuwa na roho mbaya. Mazuri yalishaondoka na lori, chakula hakitupwi, na shule haijawahi kukataa debe la mtu. Debora alisimama mlangoni pa stoo, akafunga kufuli, ufunguo akautia kifuani.

"Shikamoo bibi," alimwambia Bi Mwahija aliyekuja na ungo. "Leo hatupiki."

"Marahaba. Unamfungia nani, mwanangu?"

"Namfungia Nasma. Yanamuua."

"Unadhani mikono yake siioni? Mimi ndiye ninayemwogesha." Bi Mwahija aliweka ungo chini. "Akinywa, ataugua. Nalijua hilo. Asipokunywa, atalala njaa leo hii. Nipe la tatu, mwalimu, mimi sinalo."

Debora hakumpa, kwa kuwa naye hakuwa nalo. Stoo ilikaa imefungwa siku mbili. Siku ya kwanza nusu ya darasa haikuja. Siku ya pili Nasma alianguka kwenye mstari wa asubuhi, wakamwinua, akauliza kama uji tayari. Debora aliingia stoo peke yake, akakaa juu ya magunia, akalia kwa uchungu mpaka kijani kikamfika mabegani. Kisha akatoka, akampa Bi Mwahija ufunguo.

Tangu hapo uji hupikwa kila siku. Saa nne watoto hukaa kivulini na vikombe, wananyoosha mikono ya kijani, na Mwalimu Cletus hupita na kalamu akiihesabu. Ameona ni rahisi kuliko kuita majina. Alhamisi ilikuwa mikono sitini na tatu. Alipomaliza watoto walishusha wakaanza kunywa, ila Nasma. Kijani kilikuwa kimemfika shingoni. Alimgeukia Debora.

"Mwalimu, mimi bado nimenyoosha."

"Nimekuona, Nasma."

"Sheria inasema nimwambie mkubwa."

"Umeshaniambia."

Mkono wa Nasma ulikuwa ungali juu.

"Kunywa, mwanangu," alisema Debora. "Kunywa kabla haujapoa."