Utepe wa Kijani

Kwetu Lyon msichana akiposwa hutarizi herufi za jina lake kwenye kila shuka na kila shumizi atakayoingia nayo kwa mume. Za Solange Vauquelin, mke wa wakili, nilizitarizi mimi, S ya jina lake na V ya ukoo wa mumewe, kwa uzi mwekundu, maana mkono wake ulikuwa mzito. Kwa hiyo nilipoikuta shumizi yake katikati ya mashuka ya Bi Raymonde sikuhitaji kuuliza. Nyumba ya Bi Raymonde ng'ambo ya mto inajulikana. Wanaume huingia mchana, kofia zimewafunika macho. Mimi ni dobi na mjane, nafua za wote.

Solange alikuja siku hiyohiyo, amevaa glavu.

"Mama Odile, kuna kitu changu kimepotea."

"Hakijapotea. Kiko ndani ya maji."

Akakaa juu ya kapu la nguo. "Utanidharau."

"Muda wa kukudharau ninao? Nina mashuka arobaini hapa. Kwani nyumbani umekosa nini, mwanangu?"

"Sijakosa kitu. Mume wangu hunibusu kwenye paji la uso, kama anayebusu msalaba. Kule nakuwa mtu nisiyemjua, halafu narudi kupika supu." Akavua glavu, akazivaa tena. "Nipe mkononi, Mama. Isiingie kwenye kifurushi cha nyumbani. Akijua, sina pa kwenda."

Nikaahidi. Alipoondoka niliishika ile shumizi muda mrefu kuliko inavyohitajika kusuuza. Miaka kumi na tisa hajanigusa mtu ila padri, Jumatano ya Majivu.

Jumamosi Kuu kila nyumba hutaka mashuka safi ya Pasaka. Nilikuwa nimetoka kuungama, nimechoka, na mikono ikapanga kwa herufi kama ilivyozoea. S na V: nikafunga kifurushi cha wakili. Utepe wa kijani, ninaotilia alama nguo za Bi Raymonde, ukabaki umebanwa kwa pini kwenye shumizi.

Saa kumi jioni wakili alisimama mlangoni kwangu.

"Mama Odile, utepe wetu ni wa buluu. Huu ni wa nani?"

Uongo mdogo tu ungetosha: nimechanganya, Bwana, uzee huu. Lakini nilikwisha kuungama, na kesho yake nilitaka kupokea komunyo na roho safi. Nikaendelea kukunja shuka.

"Nakuuliza mara ya pili."

"Wa Bi Raymonde."

Akaukunja utepe kidogo kidogo hadi ukawa kama punje, akautia mfukoni, akaaga kwa adabu.

Asubuhi nilipokea komunyo.

Solange amepelekwa milimani kwa wifi yake. Kwa wakili siku hizi hutoka foronya moja. Juzi alinitumia kapu zima la nguo za mkewe na kikaratasi: "Fumua S, acha V." Nimefumua. Uzi unatoka, matundu ya sindano yanabaki, na pasi haiyazibi.

Nilimweleza padri. Akasema sikutenda dhambi. Nikamwomba anipe malipizi hata hivyo, akakataa.