Keria ya Kwenda Tabora

Ijumaa moja, mvua ikiwa imekatika, mjukuu wangu Shamsa alipita na baiskeli mbele ya msikiti wa mtaani kwetu Buguruni wakati watu wanatoka kuswali. Baiskeli ile haikuwa na madigadi. Tope liliruka kutoka tairi la nyuma likamchora mstari kuanzia makalioni mpaka kisogoni, kama mkia wa kicheche. Waumini walijitahidi wasicheke, maana ndiyo kwanza walikuwa wametoa salamu ya mwisho, lakini wakashindwa. Kati yao alikuwapo baba yake, mwanangu Ramadhan.

Ramadhan ni fundi cherehani. Mtu wa nguo safi, mtu wa pasi. Jioni ile alitangaza kwamba baiskeli inauzwa.

"Baba, Jumamosi ijayo tunaondoka!" Shamsa alisema. Yeye na wenzake wa kazini pale Posta walikuwa wamepanga kwenda Tabora kwa baiskeli, likizo yao yote. Alikuwa ameingoja safari ile mwaka mzima.

"Kuna nini Tabora?"

"Barabara, Baba."

"Barabara hata hapa nje ipo."

"Ya hapa nje nimeimaliza."

Ramadhan akanigeukia mimi. "Basi bibi yako ataamua. Akiridhika na hicho chuma chako, uende. Asiporidhika, kinauzwa. Na nguo ikirudi hapa na tope la baiskeli, mjadala umefungwa."

Aliyasema hayo kwa raha zake, kwa sababu anajua mimi naogopa hata ngazi ya kupandia darini. Shamsa alinitazama kama abiria anavyomtazama kondakta wa basi la mwisho.

"Mke mwenzangu," nilimwambia, maana ndivyo tunavyoitana, "kesho twende Kariakoo."

Asubuhi nilivaa gauni langu jeupe, lile ambalo Ramadhan mwenyewe alinishonea kwa ajili ya Idd.

"Bibi, Kariakoo kuna matope," Shamsa alisema.

"Ndiyo maana."

Duka la vipuri tulilokwenda, Shamsa akiikokota baiskeli, lipo Mtaa wa Nyamwezi. Mwenyewe anaitwa Haruna, mtu mzima mwenye tumbo la mviringo na miwani iliyofungwa uzi. Alipoona gauni langu alisimama, akafuta kigoda chake kwa upindo wa shati lake, akanikaribisha. Shati lilichafuka. Hilo nililiona, nikaliweka moyoni.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Wa wapi wewe, mwenye adabu hivi?"

"Tabora. Sikonge."

"Mnyamwezi!" Nilifurahi mpaka nikasahau adabu yangu mwenyewe. "Ndiyo maana unauza keria. Ninyi ndio mliokuwa keria kabla baiskeli hazijaja. Hata mtaa mmejipa!"

Haruna aliweka bisibisi chini taratibu, kama mtu aliyeletewa chakula akipendacho. Sisi Wazaramo na wao ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hanuni. "Kumbe Mzaramo," alisema. "Karibu. Umefikaje mpaka hapa? Ulifuata ngoma ya mdundiko ukapotea?"

"Nimekuja kumtafutia mke mwenzangu keria na madigadi. Anakwenda kwenu."

"Kwetu? Kwa baiskeli?" Alimgeukia Shamsa. "Babu zangu walikuja pwani kwa miguu, pembe za ndovu vichwani. Leo Mzaramo anakwenda Tabora na anataka keria! Binti, ukisikia ngoma Chalinze usisimame. Ndugu zako wote huishia hapo."

Shamsa alicheka, kisha akaeleza shida yake kwa heshima. Baiskeli yake ni ya mtumba, ya safari ndefu, chuma chembamba, usukani umejikunja kama pembe za beberu. Alitaka keria nyepesi. Haruna akatoa moja ya aluminiamu, inang'aa kama sahani ya harusini, akaifunga. Ilipendeza. Shamsa aliipiga picha.

"Nishikieni baiskeli," nilisema. "Nataka kukaa."

"Bibi, hii ni ya mabegi, si ya watu."

"Huko njiani utakutana na mabegi au na watu? Ukimkuta mwanamke ana uchungu, hospitali iko mbali, utamwambia keria hii ni ya mabegi?"

Haruna alishika usukani, Shamsa akashika tandiko, nami nikakaa upande, kama tulivyokuwa tukikaa sisi wanawake zamani. Keria ilisema *ta!* mara moja tu. Nilijikuta nimekaa juu ya maboksi ya Haruna, miguu juu, kilemba kimeangukia puani.

Kwanza walihakikisha sijaumia. Kisha Haruna akaokota vipande. "Bi mkubwa, walisema ni ya mabegi. Wewe ni kontena."

"Kontena lenye mali."

Shamsa uso ulimshuka. "Samahani sana, kaka. Nitailipa."

"Mtani hadaiwi," Haruna alijibu. "Akifa nitakuja msibani, nitakaa na sinia la pilau peke yangu, na asiniguse mtu."

"Njoo tu. Tutaficha vijiko."

Nilicheka, lakini nilijua kile kipande kilichovunjika ni mali ya mtu mwenye watoto. Aliitupa hasara ile kwenye utani ili mjukuu wangu asione haya.

Akaleta ya pili, keria nyeusi ya chuma kama wanazobebea magunia ya mkaa. Nilikaa, nikajisikia niko kitandani kwangu. Nikasema hii ndiyo. Shamsa aliinyanyua kwa mikono miwili, mishipa ya shingo ikamtoka.

"Bibi, nikifunga hii nitakuwa nimeibeba mimi."

"Na mlima Sekenke utaikataa," Haruna aliongeza.

Hapo palikuwa pagumu. Ile nyepesi haikunibeba mimi, na hii nzito asingeibeba yeye. Nikisema sijaridhika, safari imekufa. Nikisema nimeridhika na kitu nisichokiamini, nitalala na macho wazi mpaka arudi. Shamsa hakunibembeleza. Alisimama tu, akawa anaizungusha pedali kwa kidole, inazunguka, inazunguka.

Haruna aliondoa miwani akaifuta. Kisha akaingia nyuma, tukasikia vitu vinaanguka, akatoka na keria ya bomba jembamba la chuma, rangi ya kijani, ina miguu mitatu kila upande. "Nilimchomelea kijana mmoja aliyetaka kuzunguka nchi," alisema. "Akaoa. Safari yake siku hizi ni sokoni na kurudi."

Akaifunga kwa nati ndefu. Nikakaa. Haikulia. Candida, muuza ndoo wa duka la jirani, alikuwa amesimamisha biashara zamani akitutazama. "Bibi, hebu ruka kidogo!" alipiga kelele. Nikaruka. Keria ikatulia kama mkwe mgeni.

Tukaja kwenye madigadi. Shamsa alipenda mafupi ya plastiki, yamechongoka.

"Hizi ni nyusi za bibi harusi," nilisema. "Nyusi hazizuii tope."

Tulichukua marefu ya bati, yanayoteremka mpaka karibu na ardhi. Haruna aliyafunga, kisha akapitisha vidole viwili kati ya tairi na bati. "Ukibana sana, tope la kunata la Dodoma litajaa hapa, gurudumu ligome. Ukilegeza sana, bati litaimba njia nzima." Mwisho alikata kipande cha mpira kutoka tyubu ya zamani, akakining'iniza nyuma kama ulimi, akachukua brashi na rangi nyeupe. "Ulimi lazima useme kitu. Niandike nini?"

"Dar mpaka Tabora," Shamsa alisema.

"Hiyo ni tiketi," Candida alimjibu. "Andika kitu kama cha kanga, chenye kuchoma."

Wote wakanitazama mimi. Nilifikiria msikiti, nikafikiria wale waliocheka. "Andika: TOPE LAKO SI LANGU."

Rangi ilipokauka nikakaa upande kwenye keria. Candida akanikunjia boksi nikalie, akakataa shukrani. Tukashika Barabara ya Uhuru kuelekea Buguruni. Shamsa alipiga pedali, mimi nimemshika kiuno, tukipita kila dimbwi nililoliona, na yale aliyotaka kuyakwepa nilimfinya ayafuate. Pale Ilala watu walitupigia makofi. Mzee mmoja aliuliza kama kuna nafasi mbele.

Tulipokaribia kibanda cha Ramadhan, bajaji moja ilitupita kwa fujo ikaingia dimbwini. Maji yote yakatua kifuani kwangu.

Ramadhan alikuwa mlangoni, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Aliona gauni lake. "Haya!" alisema. "Si nilisema? Tope!"

"Shamsa, igeuze baiskeli," nilisema, na Shamsa akaigeuza nami nikiwa juu yake. "Tazama mgongo wangu. La baiskeli lingekuwa huku."

Alichungulia mgongo. Mweupe. Akachungulia ulimi wa mpira, akasoma, midomo ikamcheza kidogo.

"Lakini Mama, wewe umekaa kwenye keria? Na umri huo?"

"Umri gani? Hata wewe ulikuja hivi hivi. Siku niliposhikwa uchungu baba yako alinipakia kwenye keria, mvua inanyesha, hakuna madigadi. Mkunga aliniosha mgongo kabla ya kushughulika na wewe."

"Si mlikwenda na teksi?"

"Teksi ni hadithi ya baba yako. Alikuwa na majivuno, Mungu amrehemu. Ile keria ingekuwa ya mabegi, wewe ungezaliwa pale kwenye mataa ya barabarani."

Shamsa alinitazama akiwa ameng'ata mdomo. "Bibi, umeridhika?"

"Nimeridhika. Isipokuwa na yule wa bajaji."

Ramadhan akasogea karibu. Alitazama keria ile ya kijani, akaitikisa kwa mkono, haikutikisika. Kisha akavua futi shingoni, akachuchumaa, akaanza kupima, kutoka juu mpaka karibu na ekseli.

"Mabegi ya pembeni unayo?" aliuliza, bila kumtazama mwanawe.

"Bado, Baba," Shamsa alijibu.

"Nina turubai limebaki. Halipitishi maji. Mama, teremka nipime upana."

"Pima na mimi nikiwapo."

"Mama!"

"Mwanangu, miguu imekufa ganzi. Acha kupima makalio ya mzazi wako, njoo uniteremshe."